Kununua gari la spoti lililotumika Dar es Salaam: likague baridi, kisha likague moto

Muuzaji anayejua gari lake lina shida hukuwashia nusu saa kabla hujafika. Injini ikishapata moto, oili imeshapanda kila mahali, mlio wa asubuhi umekwisha na moshi wa kwanza umeshapotelea hewani. Kwa hiyo mwambie gari lilale bila kuwashwa, fika saa moja asubuhi, na kabla salamu hazijaisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Halafu gari hilohilo ulikague tena likiwa limekaa kwenye foleni na kiyoyozi kinafanya kazi. Kuna magonjwa ya baridi na magonjwa ya joto, na jiji hili linayatoa hadharani yote ya kundi la pili.

Magari yanayozungumzwa hapa ni yale unayokutana nayo kweli mtaani: Subaru Impreza WRX na STI, Forester XT, Legacy B4, Toyota Altezza, Mark II na Verossa zenye injini ya 1JZ, Golf GTI, na mara mojamoja Mazda RX-8. Mengi yamepita miaka 10. Kuagiza gari la umri huo kunabeba ushuru wa bidhaa wa nyongeza wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee (miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15), juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ndiyo maana wengi hununua lililokwishasajiliwa hapa. Na hapo swali kubwa si mileji tena, maana mileji inarudishwa nyuma kwa dakika chache. Swali ni nani amelikanyaga, fundi gani amelifungua, na wamelibadilisha nini.

Anza na namba ya chasisi, nauli baadaye

Omba picha ya bati la utambulisho kabla hujatoka nyumbani. Herufi za mwanzo zinakwambia gari lilizaliwa likiwa nini. Kwa Impreza za 2000 hadi 2007, GDB ni STI, GDA ni WRX, na GD2 au GD3 ni injini ya 1.5 isiyo na tabo (turbo, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Za wagoni huanza na GG: GGA ndiyo WRX, GG2 na GG3 ni 1.5. Kwa Altezza, SXE10 ni RS200 yenye injini ya 3S-GE, GXE10 ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita, gari laini la kwenda nalo kazini. Kwa Mark II ya mwisho, GX110 ni 1G na JZX110 ni familia ya 1JZ, ambayo nayo si lazima iwe na tabo.

Mji umejaa GD3 zilizovalishwa bampa ya STI, bawa kubwa la nyuma na nembo ya waridi. Hakuna ubaya kununua GD3, ubaya ni kuinunua kwa bei ya GDB. Angalia pia lile tundu la boneti. Kwenye gari la kweli hewa yake inashuka hadi kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo) iliyokaa juu ya injini. Kwenye la kuigiza, ukifungua boneti unakuta bati tupu au plastiki iliyobandikwa kwa gundi.

Kama bati linasema GX110 na ndani kumelala 1JZ-GTE (ile 1JZ yenye tabo), injini imebadilishwa. Hilo si kosa lenyewe, maana injini za mtumba kutoka Japani zinafungwa kila siku. Ila namba ya injini iliyochongwa kwenye bloku lazima ifanane na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Isipofanana, mwenye kazi ya kurekebisha TRA ni muuzaji, na airekebishe kabla hujatoa hata shilingi. "Tutamalizia baadaye" ni mzigo unaohamishiwa kwako.

Makaratasi

Chukua namba ya gari, angalia madeni ya faini za trafiki kwenye mfumo wa TMS wa Polisi, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), na ulizia deni la maegesho. Magari ya spoti yana tabia ya kuwa na faini nyingi za tochi, na idadi yake inakupa picha ya dereva bila kumuuliza.

Kadi iwe halisi, uishike mkononi. Nakala ya simu haitoshi, kwa sababu kadi halisi huenda imelala kwa mkopeshaji kama dhamana. Jina lililomo liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake. Magari haya yanapita mikono mitatu minne bila kubadilishwa jina: wa kwanza alimuuzia wa pili kwa mkataba, wa pili akamwachia dalali, na mwenye jina kwenye kadi hapatikani tena. Uhamisho wa umiliki unahitaji TIN za pande zote mbili na mkataba wa mauziano, hivyo mwenye jina asipopatikana unabaki na gari lisilo lako.

Kuhusu herufi za namba: namba C imekanyaga matuta yetu miaka mingi kuliko namba E hata kama yote mawili ni ya 2005 Japani. Lililoingia juzi, ulizia karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake lilishagongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Kwenye Subaru, kati ya alama ya chini na ya juu kuna kama lita moja. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, muuzaji amekuwa akiiendesha injini ya tabo ikiwa na kiu, na hilo peke yake linatosha kuondoka. Oili nyeusi si dhambi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au mafuta mepesi yanayonuka petroli, ndiyo dhambi. Fungua na kifuniko cha kujazia oili, uangalie chini yake kama kuna utandu wa rangi hiyohiyo.

Fungua kifuniko cha rejeta, sasa hivi tu wakati kuna baridi. Unatafuta kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) yenye rangi yake, kijani, bluu au nyekundu. Ukikuta maji ya kutu, ujue limekuwa likijazwa maji ya bomba, na njia za maji ndani ya injini ya alumini zimeanza kuliwa. Hapohapo kagua mambo mawili ambayo gereji za hapa huyafanya kwa nia njema: kung'oa themostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji kulingana na joto) na kuunga feni moja kwa moja na betri. Feni inayozunguka mara tu ufunguo unapofunguliwa, injini ikiwa baridi, imeungwa kwa sababu. Kuna mtu aliona gari linachemsha na badala ya kutafuta chanzo akaficha dalili.

Sasa fungua ufunguo bila kupiga stata. Taa ya injini, ya oili, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote ziwake, kisha ya mifuko ya hewa izime yenyewe baada ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa imeng'olewa balbu au imezibwa. Watu huangalia taa iliyowaka na kusahau ile iliyokufa.

Piga stata huku mwenzako amesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu wa sekunde mbili kisha ukaisha ni sili za vali zilizochoka, jambo la kujadili bei. Bluu inayoendelea ni ringi au tabo. Mweupe mzito unaokataa kuisha, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoungua, yaani gasketi ya hedi. Mweusi ni petroli kuzidi.

Kisha sikiliza, na hapa usiwe na haraka. Subaru nyingi za EJ20 (injini ya lita 2 ya magari haya) zina mngurumo wa kudunda ambao si ugonjwa. Unatokana na mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana. Pia pistoni hugonga kidogo injini ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto, hilo nalo wengi wanaishi nalo. Usilolitaka ni mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaofuata mwendo wa injini na kuongezeka moto unavyopanda. Pandisha taratibu hadi mzunguko 2,500 hivi, uachie. Ukisikia "ko-ko-ko" wakati wa kushuka, beringi za konrodi zinakufa, na gari hilo limeshakuwa bodi inayosubiri injini. Redio izimwe muda wote huu. Muuzaji akiiwasha, izime tena.

Kompresheni: lipa fundi, usikubali neno

Kupima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda, ndicho kipimo ambacho wauzaji hukikataa zaidi na ndicho kinachokuokoa zaidi. Kwenye Subaru kazi ni ngumu kidogo kwa sababu silinda zimelala pande mbili na plagi zinatazama kuta za chasisi. Inabidi kutoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande mwingine. Tenga zaidi ya saa moja na umlipe fundi wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Injini iwe na moto, koili na mafuta vikatwe, plagi zote nne zitolewe, pedali ikanyagwe hadi mwisho, stata ipigwe mizunguko ileile kwa kila silinda. EJ20 ya tabo yenye afya hutoa kati ya psi 140 na 170. Zaidi ya namba yenyewe, angalia ulingano: silinda moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya asilimia 10, simama. Ya kuangaliwa kwa jicho kali ni silinda ya 4, ambako kingo za pistoni zinazoshika ringi hupenda kupasuka gari likipigwa presha kubwa ya tabo juu ya petroli hafifu. Japani STI ilipangiwa petroli ya daraja la juu, karibu oktani 100. Ikijazwa petroli ya kawaida na presha ikaongezwa, petroli hulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia na pistoni ndiyo inayopokea kipigo.

Plagi zenyewe zipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Moja ikiwa na oili na nyingine ni kavu, jibu umelipata hata kabla ya geji.

Ukiwa hapo, ulizia mkanda wa taimingi. EJ20, 3S-GE na 1JZ zote zinatumia mkanda, na muda wake kwa kawaida ni kilomita 100,000. Kwa EJ20 ya DOHC (kamshafti mbili kila upande) mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni. Hakuna risiti wala stika ya tarehe? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na uukate kwenye bei mkanda pamoja na roli zake, tenshena na pampu ya maji, kwa sababu roli iliyokwama huua mkanda mpya vilevile.

Tabo na mambo yaliyoongezwa

Toa bomba la hewa linaloingia kwenye tabo, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwenda pembeni kunaruhusiwa. Kucheza kwenda mbele na nyuma hakuruhusiwi, na mabawa yasiwe yamekwaruza nyumba yake. Tabo ya Subaru ikifa, muulize fundi kilichoiua kabla ya kufunga nyingine: kwenye bolti ya njia ya oili kuna kichujio kidogo ambacho hujaa uchafu, na tabo mpya ikifungwa bila kukigusa inakufa kwa kiu ileile.

Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani lina thamani kuliko lililobadilishwa, hata kama vijana watakwambia kinyume. Ekzosi kubwa iliyotolewa masega (kile kichujio cha moshi cha kiwandani), bila programu ya injini kurekebishwa, inaweza kuifanya presha ipande kupita ilivyopangwa. Ule mlio wa "pshhh" unaopendwa nao una gharama yake: Subaru hupima hewa inayoingia kwa sensa, na vali ya kiwandani hurudisha hewa hiyo ndani. Ukiitupa nje, kompyuta inapeleka petroli ya hewa ambayo haipo tena, na gari linakohoa moshi mweusi kila ukibadili gia. Kichujio cha hewa kilichoshushwa hadi nyuma ya bampa ni hatari zaidi, maana dimbwi moja la masika linatosha kuvuta maji hadi silindani na kupinda konrodi.

Muulize muuzaji vipuri vya kiwandani viko wapi. Anayevitunza kwenye boksi ni mtu mwenye utaratibu.

Bodi, chumvi na mafuriko

Dar ina aina mbili za maji mabaya. Ya kwanza ni hewa ya bahari: gari lililolala miaka Msasani au Kigamboni likague kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya vizingiti vya milango na kwenye vichwa vya shokapu. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti.

Ya pili ni mafuriko. Kila masika kuna magari yanayolowa bonde la Msimbazi na kwingineko, yakakaushwa, yakaoshwa, yakauzwa. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake kabisa na unuse ule utepe uliokuwa umejificha ndani. Hakuna anayekumbuka kuuosha. Inua zulia la tairi la akiba, pitisha kidole kwenye reli za viti. Tope laini kavu mahali pasipofika miguu lina maelezo moja tu.

Chini, gari likiwa juu ya lifti au shimo, tazama springi. Zilizokatwa kwa grinda huonekana, ncha yake ni kali na haikai vizuri kwenye kikombe. Tairi zilizolika upande wa ndani ndio ushahidi mwingine. Kwa Subaru zote nne ziwe saizi moja na ulaji unaolingana. Mchanganyiko wa tairi mpya na chakavu unachosha difu ya kati. Geuza usukani hadi mwisho, tembea polepole kwa gia ya kwanza kwenye uwanja: gari likijivuta kama limeshikwa hendibreki, difu hiyo imeungua.

Barabarani, kisha foleni

Jumapili asubuhi chukua Barabara ya Bagamoyo ukipita Tegeta kuelekea Bunju. Huendi kukimbiza, na tochi zipo. Kwa gia ya tatu, kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mlio ukipanda na mwendo haupandi, klachi inateleza. Ingiza gia ya pili na ya tatu kwa haraka kidogo, usikilize kama meno yanasaga. Giaboksi ya gia tano ya WRX haikupenda kamwe kuanzishwa kwa fujo, wakati ile ya gia sita ya STI ni imara. Kwa otomatiki, toka N kwenda D ukiwa umekanyaga breki. Likichukua zaidi ya sekunde mbili au likapiga kishindo, giaboksi imechoka. Mlio wa "vuuu" unaokua na mwendo nyuma ya Impreza mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Funga breki kwa nguvu kutoka 80: usukani ukitetemeka, diski zimepinda.

Halafu rudi mjini na uingie kwenye msongamano kwa makusudi, kiyoyozi kikiwa juu, dakika 20 au 30. Kama una kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, joto la maji likae kati ya nyuzi 85 na 100, feni iwake na kuzima yenyewe. Bila kifaa, mshale usisogee kutoka mahali pake. Kiyoyozi kinachopoteza ubaridi ukisimama kinakwambia habari za feni na rejeta. Mwisho egesha, acha injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyaga mafuta), fungua boneti uangalie chupa ya akiba ya maji: mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi ya silinda inayopenya gasketi. Kanyaga mara moja baada ya sailensa ndefu na utazame nyuma. Wingu la bluu hapo ndilo lile ambalo asubuhi halikuonekana.

Kwa ufupi, yale mengine

Legacy B4 ya zamani yenye tabo mbili ina mabomba ya vakyumu kama tambi. Ikifa ganzi katikati kabla tabo ya pili haijaamka, kiasi fulani ni asili yake, lakini ikikata kabisa fundi atatafuta siku tatu. Altezza RS200 ya manyuo ina giaboksi ya gia sita yenye kelele. Sikiliza klachi ikiwa imeachwa. Kwenye Golf GTI ya kizazi cha tano, kile kikombe kidogo kinachosukuma pampu ya petroli ya presha kubwa huliwa na shafti, na kukikagua ni bolti tatu tu. Oili ya giaboksi ya DSG (otomatiki ya klachi mbili) ya gia sita ibadilishwe kila kilomita 60,000. RX-8 ni habari nyingine, injini yake ina rota zinazozunguka badala ya pistoni. Kompresheni yake haipimwi kwa geji ya kawaida, inataka kifaa cha rota, na ikishuka chini ya kPa 680 injini inataka kufunguliwa. Lipashe moto, lizime, subiri dakika 10, liwashe. Likisumbua, liache, kwa sababu fundi wa rota si wa kila kona hapa.

Siku ya kulipa na wiki ya kwanza

Tenga robo ya bajeti usiiguse kwa kununulia. Ukiwa na milioni 20, tafuta gari la 15. Lipa kwa benki, mkataba ushuhudiwe na wakili, pokea funguo zote mbili na kadi halisi, na mchakato wa uhamisho TRA uanze siku hiyohiyo.

Kabla ya kilomita 500, badilisha oili na kichujio, plagi, kulanti, oili ya giaboksi na difu, maji ya breki, na mkanda kama hauna ushahidi. Spea za Gerezani zipo za kila daraja, na kwa mkanda, roli na pampu ya maji usinunue ya bei ya chini. Peleka ile ya zamani mkononi ulinganishe namba. Themostati iliyong'olewa irudishwe, feni iunganishwe ilivyokuwa. Baada ya hapo chomoa kijiti cha oili kila ukijaza petroli, uandike kiwango chake kwenye simu. Mwezi mmoja wa namba hizo utakuonyesha injini uliyonunua inakula oili kiasi gani.